Ahadi ni Deni: Neno Tulilolitafuta Katumba na Mishamo

Kati ya mwaka 2010 na 2014 walikuwepo majirani zetu ambao hatukujua tuwaiteje. Serikali ilikuwa imekubali maombi yao ya uraia wa Tanzania. Wao wenyewe walikuwa wamekana uraia wa Burundi, kwa kuwa sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Lakini hati hazikuwa mikononi mwao. Kwa uamuzi uliotangazwa walikuwa Watanzania. Kwa maisha ya kila siku walikuwa bado wakimbizi. Tunaisimulia historia hiyo hapa kwa sababu Walutheri tumo ndani yake tangu mwanzo, na kwa sababu inatufundisha kuuita kwa jina lake umbali uliopo kati ya neno linalotamkwa na jambo linalotendeka.

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwakimbiza Wahutu maelfu kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikawapa ardhi: Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba, kando ya reli inayokuja Mpanda. Ulyankulu ilipozidiwa na watu, wengi walihamishiwa Mishamo, iliyofunguliwa mwaka 1978. Kazi ilibebwa na watatu: serikali, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, na TCRS, huduma ya Kikristo iliyoanzishwa nchini mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Sadaka za Wakristo wa mbali zilisaidia kupasua barabara, kuchimba visima na kujenga shule. Wakimbizi nao walifyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha wenyewe na kuuza ziada. Hata hivyo, aliyetaka kutoka nje ya makazi alitakiwa awe na kibali.

Jina nalo lilikuwa na uzito wake. Katikati ya miaka ya 1980 mtafiti Liisa Malkki aliishi kati ya watu wa Mishamo, kisha akawatembelea Warundi wenzao waliokuwa wakiishi mjini Kigoma. Mishamo alikuta watu wanaolishika neno «mkimbizi» kwa heshima, kama jina la taifa lililo safarini kurudi kwao. Kigoma alikuta watu wanaolikwepa neno hilohilo, maana walitaka kuishi kama wenyeji wengine. Jina moja liliwabeba hawa na kuwalemea wale. Anayemchagulia mwenzake jina na akumbuke hilo.

Mwaka 2007 serikali ilifungua mlango ambao nchi chache duniani zimewahi kuufungua. Wakimbizi wa 1972 waliulizwa: mnarudi Burundi, au mnaomba uraia wa hapa? Takribani wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Zaidi ya 50,000 walirudi, na mwaka 2010 maombi ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa. Lilikuwa jambo kubwa, na tunalisema kwa shukrani. Lakini liliambatana na sharti: makazi yafungwe, na raia hao watawanyike katika mikoa mingine kabla ya kukabidhiwa hati. Mpango wa kuwahamisha ulikwama, na hati zikakwama pamoja nao. Nani ataezeka bati jipya kwenye nyumba atakayoambiwa aihame? Nani atapanda miembe? Ilipofika Oktoba 2014 ndipo Rais Kikwete alipoanza kukabidhi hati, na watu wakaruhusiwa kubaki walipokuwa.

Sasa, miaka ile minne tuiiteje?

Neno lililosikika sana maofisini ni «mchakato». Jambo liko kwenye mchakato. Ni neno la adabu, lakini halina mtu ndani yake. Mchakato hauna anayedai wala anayedaiwa. Unajiendea wenyewe kama mto.

Wengine wanasema «pengo». Hilo linaonyesha kwamba kuna kitu kinakosekana, lakini halisemi ni nani anayepaswa kukileta. Pengo la jino halimdai mtu.

Wengine, kwa hasira, husema «unafiki». Hapo tunaonya. Mnafiki hakusudii kutenda alichosema. Aliyetoa uamuzi wa 2010 alikusudia, na mwisho alitenda. Tukiita kila ucheleweshaji unafiki, tutakosa neno siku tutakapokutana na unafiki wenyewe.

Neno lilikuwa midomoni mwetu siku zote. Wazee walisema, ahadi ni deni. Deni lina mwenye kudai na mwenye kudaiwa. Lina kiasi na lina siku. Halimfanyi mdaiwa kuwa mwongo, lakini halimwachi alale usingizi pia. Na dawa yake inajulikana: kulipa. Bwana Yesu alitoa mfano wa wana wawili walioagizwa na baba yao kwenda shambani. Mmoja alikataa, kisha akaenda. Mwingine aliitikia vizuri, asiende. Jibu zuri la yule wa pili halikupalilia hata mzabibu mmoja.

Wapendwa, ni rahisi kulitumia neno hili kwa serikali tu. Tulitumie kwetu pia. Sisi tunafundisha kwamba katika Ubatizo hakuna mgeni, na Paulo aliwaandikia Waefeso hivyo hivyo, kwamba waliokuwa mbali sasa ni watu wa nyumbani mwake Mungu. Hayo ndiyo mafundisho yetu, tunayakiri kila Jumapili. Lakini tumewahi kukaa katika vikao vya usharika ambapo jina la mtu lilipendekezwa kwa uzee wa kanisa, na mnong'ono ukapita: «Huyu si mkimbizi?» Mtu amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, amepata Kipaimara hapa, hati anayo. Tena hata tunapotaka kusema vizuri tunasema «raia wapya». Upya huo utaisha lini? Mtoto wake naye atakuwa mpya?

Serikali ilichelewa miaka minne, kisha ikalipa. Sisi deni letu ni la zamani zaidi, maana tuliitikia tangu siku tulipowamiminia maji ya Ubatizo. Paulo aliwaambia Warumi wasiwe na deni kwa mtu yeyote, isipokuwa lile la kupendana. Hilo ndilo deni pekee linaloruhusiwa kuendelea, nalo huendelea kwa kulipwa kila siku. Basi katika kikao kijacho, jina litakapopendekezwa na mnong'ono ukaanza, mmoja wetu na aseme kwa sauti: huyu ni ndugu yetu, tuendelee na uchaguzi.