Ila za Sarafu

Katika nyumba nyingi za Malindi, Mambrui, Kilifi na Takaungu pana kijaluba au mfuko wa kitambaa ambao hufunguliwa mara chache, aghalabu siku ambayo mwenyewe amekwisha kuzikwa na warithi wamekutana kugawanya alichokiacha. Hutoka pete, hutoka hati za shamba, na chini kabisa hutoka sarafu ambazo hakuna duka linalozipokea tena. Hapo huzuka maneno. Mmoja husema zimeharibika, ziuzwe kwa uzito wa madini yake. Mwingine amesikia ya kuwa sarafu iliyokosewa kiwandani hununuliwa kwa bei kubwa, na kila kovu alionalo hulihesabu kuwa ni kosa la kiwanda. Mchuuzi wa vitu vya kale akitokea mlangoni saa ile, wa kwanza humuuzia mali kwa bei ya chuma, na wa pili hununua kwake chuma kwa bei ya mali. Wewe msomaji, kwa kuwa u mwanafunzi, huenda ndiwe utakayetakwa shauri.

Anza kwa kujua sarafu huzaliwaje. Kisahani cha madini kisicho na maandishi huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kisha hukandamizwa kwa nguvu kubwa mara moja. Kila kilichochimbwa ndani ya muhuri hutokea kimeinuka juu ya sarafu. Shika neno hilo, maana lina faida kuliko orodha yoyote ya bei. Muhuri ukipasuka kwa kazi nyingi, madini huingia katika ufa, na sarafu hutoka ina mstari mwembamba ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari au wa jiwe, kinyume chake, ni mfereji uliozama. Pitisha ukucha juu yake, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia. Mstari ulioinuka ulitoka kiwandani. Uliozama, mara nyingi sana, ulipatikana njiani.

Hali kadhalika herufi iliyokosekana. Ikiwa grisi au uchafu uliziba muhuri, herufi haitokei, lakini mahali pake ni laini sawa na uwanja uliopakana nao. Herufi iliyofutwa kwa tupa huacha mikwaruzo. Sarafu iliyoumwa ukingoni kwa umbo la mwezi mwandamo yaweza kuwa kisahani chake kilikatwa juu ya tundu la kisahani kilichotangulia. Basi geuza macho upande wa pili, uukabilio ule ulioumwa, nawe aghalabu utakuta ukingo wa huko umefifia. Aliyekata sarafu kwa mkasi hakuweza kuufifisha upande ambao hakuugusa.

Senti zetu za kale zenye tundu ni darasa zuri la jambo hili. Tundu lilitobolewa katika kisahani kabla ya kupigwa chapa, kwa hiyo lina ukingo wake ulioinuka. Kisahani kilichotobolewa kando hutoa sarafu yenye tundu lililokwenda upande, na kisahani kilichosahauliwa hutoa senti isiyo na tundu kabisa. Bali tundu lililopenya katikati ya herufi, likazipinda na kuacha ukali wa chuma, ni kazi ya msumari wa mtu.

Zaidi ya hayo, kuna mambo mengi yanayodhaniwa kuwa makosa wala si makosa. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika pwani yetu kabla ya rupia kushika nafasi yake, ina mwaka 1780 siku zote. Malkia yule wa Austria alifariki mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea sura yake, wakakataa nyingine. Hivyo viwanda vya Vienna, na baadaye vya London, Bombay na kwingineko, viliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule hata katika karne ya 20. Kwa riale, basi, mwaka ulioandikwa si ushahidi wa umri.

Rupia ya Mombasa ya 1888, iliyotolewa na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, ina herufi H. Hiyo ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Kampuni hiyo ilitoa pia vipande vya shaba vyenye picha ya mizani, 64 kwa rupia moja. Na neno letu pesa ni lile paisa la Kihindi. Katika senti na shilingi za Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, utakuta vile vile KN ya Kings Norton, I ya Bombay, na SA ya Pretoria. Mbili hizi za mwisho ni za miaka ya Vita Kuu ya Pili. Senti tano na senti kumi za 1936 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Na zile za 1964 hazina jina la mtawala yeyote, kwa sababu nchi zetu zilikuwa zimekwisha kupata uhuru. Shilingi za 1921 hata 1946 ni robo fedha, za 1948 na kuendelea hazina fedha. Rangi zikitofautiana usistaajabu. Na senti ya 1907 iliyoliwa vishimo vyeupe ni ya alumini, madini yasiyostahimili hewa ya hapa, ndiyo maana mwaka 1909 yaliachwa.

Sarafu za leo zina somo lake pia. Shilingi 5, 10 na 20 zilizotolewa Desemba 2018, zenye kifaru, simba na ndovu, ni za madini mawili, kiini na pete. Kiini kilichokaa kando, chapa ikiwa imepita juu ya maungo bila kukatika, chastahili kuwekwa. Kiini kilichosukumwa kwa nyundo huacha chapa imevunjika hapo hapo.

Kuhusu majeraha, nasema kwa upande wangu kwamba riale iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni yanipendeza kuliko senti iliyokosewa. Masonara waliziyeyusha nyingi kuwa vikuku na mikufu, na ile iliyosalia na tundu lake ina habari ya mtu. Muulize bibi ilivaliwa na nani, uandike jina, uiweke katika karatasi kavu. Wala usiisugue kwa ndimu wala kwa mchanga: asidi na mchanga hula ule uso ambao ndio ushahidi wako wote, na sarafu iliyong'arishwa hivyo hupoteza thamani hata kama kosa lake ni la kweli.

Ziko sarafu ambazo kanuni ya muhuri haizihusu. Huko Gede, James Kirkman alipochimba magofu kuanzia mwaka 1948, alipata sarafu za Kichina, na nyumba moja ikapewa jina kwa ajili yake. Mambrui, mwaka 2010, wachimbaji wa Kenya na China walipata nyingine ya enzi ya Yongle, iliyotawala China 1403 hata 1424. Hizo hazikupigwa chapa bali zilimiminwa katika kalibu, kwa hiyo vitundu vya hewa na kingo zisizo sawa ni hali yake ya kawaida. Nawe ukiokota kama hiyo shambani au ufukoni, si urithi wako. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yaamuru mvumbuzi atoe habari. Iache mahali pake kwanza, upime kina chake kwa shubiri, kisha uende Makumbusho ya Malindi au Gede. Maana ile ya Mambrui ilipata kusema kitu kwa sababu wachimbaji walijua ilikuwa imelala katika tabaka gani la udongo.