Gereza lina milango ya kutokea: kutoka kiboko hadi Katiba

Mtu akikamatwa, wengi husema, "Huyo amekwisha." Historia ya sheria ya Kongo haisemi hivyo.

Zamani, mbele ya wazee, neno kubwa lilikuwa malipo: aliyeiba arudishe, aliyeumiza alipe. Gereza tulilo nalo lililetwa na ukoloni, nalo halikuletwa kurekebisha mtu. Wafungwa walitiwa minyororo shingoni wakapelekwa kazini. Aliyechelewa alipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1959 tu, uhuru ukikaribia.

Lakini hata wakoloni waliandika milango ya kutokea. Sheria ya adhabu ya mwaka 1940, ambayo bado ni msingi wa hukumu zetu, inamruhusu hakimu kusimamisha kifungo: mwenye kosa anabaki nyumbani, akikosa tena ndipo anaingia. Mfungwa aliyemaliza robo ya kifungo chake, akiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3, anaweza kuachiliwa kwa masharti. Anayengoja hukumu anaweza kutoka kwa dhamana.

Katiba ya 2006 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndio kanuni, kufungwa ni kwa nadra. Kifungu cha 18 kinasema mtu asishikwe na polisi kupita saa 48: aachiliwe au apelekwe kwa wenye sheria.

Milango hiyo isipofunguliwa, watu wanakufa. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Mwezi wa Septemba 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wakingoja hukumu. Usiku mmoja walijaribu kutoroka. Serikali ilihesabu maiti 129.

Mhami ndiye anayesahaulika upesi: jamaa wako mbali, karatasi zilibaki kijijini, hakuna anayeuliza. Basi ndugu yenu akishikwa, andikeni siku na saa. Ulizeni kosa lake ni lipi na faili yake iko kwa nani. Ombeni dhamana kwa maandishi, na mkitoa feza daini risiti, kwa maana dhamana ni amana, si bei ya mtu. Sheria iko tangu zamani; inangoja mtu wa kuidai.