Wauza Santuri wa River Road

Anayetaka kujua jinsi muziki wa benga ulivyopata soko asianzie studio. Aanzie dukani, mbele ya kaunta, pale muuzaji alipotua sindano kwenye santuri huku akimtazama mteja usoni. Miaka ya 1970, River Road na mitaa inayoizunguka jijini Nairobi ilikuwa na maduka mengi ya namna hiyo. Spika ilielekezwa barabarani, na mpita njia mwenye mzigo begani alisimama mpaka kibao kiishe, kisha akaingia kuuliza bei. Muuzaji mwenye masikio alijifunza mengi kwa wateja hao. Wale waliopenda muziki kwelikweli hawakungoja kampuni kubwa ziwaletee bidhaa: waliwatafuta wanamuziki, wakalipia muda wa studio, wakatoa santuri zenye lebo yao wenyewe.

Biashara ya santuri ilikuwapo tangu kitambo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wa Zanzibar walivuka bahari hadi Bombay kurekodi, na sahani zile zikarudi kwa meli kuuzwa pwani yote. Studio za kibiashara zilianza kushika kasi Nairobi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mombasa nako, duka la Assanand & Sons likawa na lebo yake, Mzuri, iliyotoa taarabu ya kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh. Ni watu wa duka waliozipa nyimbo hizo maisha marefu kuliko usiku wa harusi.

Bidhaa iliyoendesha yote haya ilikuwa sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulibeba maneno, kisa na mawaidha. Mara nyingi ukiigeuza sahani ndipo magitaa yanapoachiwa uwanja, solo ikapanda na besi ikaifuata mbio. Muuzaji stadi alijua mteja gani wa kumpigia upande upi. Mzee aliyetaka ujumbe alipigiwa wa kwanza. Kijana aliyekuja na viatu vya dansi alipigiwa wa pili.

Joseph Kamaru aliyaelewa mambo haya kutoka pande zote mbili za kaunta. Alizaliwa Kangema mwaka 1939, akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Kikuyu, na duka lake la City Sounds likajulikana River Road. Mwaka 1975, mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru aliimba kifo chake waziwazi. Kenya ya wakati ule ilikuwa na redio moja tu, nayo ilikuwa ya serikali. Kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wa maduka haya unapoonekana: wimbo uliokosa nafasi redioni bado ungeweza kununuliwa juu ya kaunta, ukapelekwa kijijini kwa basi la jioni.

Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki aliyeingia baadaye Bungeni, alifika mbali zaidi. Santuri za benga alizozitoa zilisafiri kusini mpaka Zimbabwe, na huko zikapendwa kiasi kwamba watu waliuita muziki huo kanindo. Sungura, lebo nyingine ya Kikenya iliyohusishwa naye, ndiyo iliyouachia muziki mashuhuri wa Zimbabwe jina la sungura. Sijui kama yupo mfanyabiashara mwingine wa Afrika Mashariki ambaye jina lake limegeuka mtindo wa muziki katika nchi ya mbali. Shuleni watoto wetu wangepaswa kusimuliwa habari zake.

Tanzania ilikuwa na bendi kali, lakini haikuwa na kiwanda cha santuri. Wanamuziki walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na waliotaka sahani ya kuuza walitegemea Nairobi. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, njia hiyo ikawa ngumu, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Kufikia hapo kaseti ilikuwa imeshaingia. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kunakili albamu nzima sebuleni kwake, na nakala bandia zikauzwa vituo vya mabasi kwa bei ambayo mwenye duka halali asingeiweza. Kampuni kubwa zikafunga virago. Maduka ya River Road yakageuka, moja baada ya jingine, kuwa ya vitu vingine.

Hata hivyo duka la Melodica, lililoanzishwa na familia ya Daudia mwaka 1971, lilibaki Tom Mboya Street na shehena za sahani ambazo hazikuwahi kuuzwa. Nako Kenyatta Market, Jimmy Rugami alifungua kibanda chake cha santuri mwaka 1989, wakati ambapo watu walikuwa wakizitupa santuri. Kazi ya kuzitunza na kuziuza haifanywi na asiyependa muziki. Sahani lazima isimamishwe wima, isilazwe rundo, na isiachwe juani, maana hupinda. Kabla ya kuinunua huinamishwa kwenye mwanga, mikwaruzo ionekane. Vumbi huondolewa kwa kufuata mifereji, si kwa kuikata.

Wakusanyaji kutoka Ulaya walifika, na kampuni za London zikaanza kutoa upya muziki wetu: Soundway ilitoa *Kenya Special* mwaka 2013, Sterns ikafuata na *Urgent Jumping!* mwaka 2016. Kamaru alifariki Oktoba 2018, na mjukuu aliyepewa jina lake, naye mwanamuziki, amekuwa akiziweka kazi za babu yake mtandaoni. Nafurahia yote hayo. Lakini lebo ya sahani nyingi za 45 ina jina la bendi na mtunzi tu, haina jina la mpiga solo wala la mpiga besi. Mara nyingi wanaoweza kukutajia majina hayo, na studio iliyotumika, ni wenye maduka na wasaidizi wao wa zamani. Wengi wao sasa ni wazee. Chuo kikuu kimoja kingetuma wanafunzi wachache wenye vinasa sauti, wakakaa nao na rundo la sahani, waulize kila moja ilipigwa na nani.