Gemu za vibandani Dar es Salaam na namna zinavyosambaa

Gemu za vibandani ni gemu za video zinazochezwa kwa malipo madogo katika mitaa ya Dar es Salaam, hasa Tandale na Mwananyamala wilayani Kinondoni, Tandika na Mbagala wilayani Temeke, na Manzese, ambayo baada ya mgawanyo wa wilaya sasa iko Ubungo. Nyingi hazikuwahi kuwa na tangazo wala wakala nchini. Zimepata wateja kwa kuonwa na kusimuliwa.

Kibanda kwa kawaida ni chumba cha mbele cha nyumba au fremu ya duka: pazia mlangoni kuzuia mwanga, televisheni mbili tatu, PlayStation chini ya kila moja, na benchi. Mteja hulipia mechi au dakika. Kwenye mpira, aliyefungwa hutoka na mshindi hubaki na pedi. Kwa hiyo ukichungulia saa yoyote, wanaotazama ni wengi kuliko wanaocheza, na hao watazamaji ndio soko. Kijana aliyekuja kwa Pro Evolution Soccer anasubiri zamu yake huku kwenye televisheni ya pili wenzake wanapigana katika Tekken 5. Jina la gemu hiyo halijui. Kesho yake anamwambia mwenye kibanda, "Kaka, niwekee ile ya jana ya kupigana." Wakija watatu wanne na ombi hilohilo, gemu inapewa televisheni yake. Isipoombwa, inafutwa kupisha nyingine.

Mnunuzi hasa, basi, ni mwenye kibanda. Ndiye anayepanda daladala kwenda Kariakoo kutafuta CD au kujaziwa gemu kwenye flashi, kwa fedha iliyopatikana sarafu kwa sarafu, na ananunua alichoombwa. Huu ni mtihani mkali kuliko uhakiki wowote wa magazetini, kwa sababu gemu isiyoeleweka katika mechi ya kwanza haipati sarafu ya pili. Ndiyo maana mpira, ngumi na magari vimetawala vibandani, na gemu nyingi nzuri zenye hadithi ndefu zimepita bila kuguswa.

Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ilivuka kizuizi hicho kwa msaada wa daftari la shule. Wanafunzi walinakili mipangilio ya vitufe inayompa mchezaji silaha au fedha, wakapeana karatasi kwa karatasi. Mpangilio wa fedha, afya na kinga huanza na R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, na mishale hiyo minne kurudiwa. Mwenye karatasi hakuwa na haja ya kupita misheni ngumu ili afaidi dakika alizolipia, na kila aliyeinakili alimvuta mwingine kibandani.

Maisha ya gemu huku ni marefu kuliko yanavyopangwa na watengenezaji. Sony ilianza kuuza PlayStation 2 mwaka 2000 na ikaacha kuitengeneza mapema mwaka 2013. Vibandani haikuondoka siku hiyo: mashine iliyofunguliwa na fundi husoma CD za kunakili, vipuri vinapatikana, na gemu iliyosahauliwa Ulaya huwa mpya kabisa kwa anayeiona leo Mbagala kwa mara ya kwanza. Kikwazo kikubwa zaidi cha vibanda ni jina baya. Wazazi wengi hawatofautishi kibanda cha gemu na mashine za dubwi, ambazo ni kamari na ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Uvumi huo nao hutembea kwa mdomo, na haumstahili mwenye kibanda anayelipisha mechi tu.

Simu janja zilihamisha benchi hadi kijiweni. Mwaka 2012 Msweden Henrik Rydgård alitoa PPSSPP, programu inayoiwezesha simu kucheza gemu za PSP, mashine ambayo vijana wengi wa Temeke hawajawahi kuishika. Faili moja linaweza kuzidi gigabaiti, na bando ni ghali, hivyo mmoja hupakua na wengine humwambia "nirushie" kwa Xender au SHAREit, ambazo hazitumii bando. Asiye na rafiki wa kumrushia humlipa fundi simu amjazie memori kadi.

Dream League Soccer ya First Touch Games ya Uingereza imefaidika zaidi ya nyingi. Faili lake ni dogo, na mchezaji anaweza kuweka jezi yoyote kwa kubandika linki ya picha yenye piksele 512 kwa 512. Mashabiki wakachora jezi za Simba na Yanga, na linki zikaingia kwenye magrupu ya WhatsApp kila msimu unapobadilika. Hakuna tangazo ambalo lingeweza kuwauzia Wanasimba gemu kama jezi ile nyekundu.

Sehemu kubwa ya mzunguko huu ni kunakili bila ruhusa, jambo linalokatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki ya nchi, COSOTA. Kampuni kubwa za Japani na Marekani hustahimili hasara hiyo. Anayeumia zaidi ni mtengenezaji wa kwetu Afrika Mashariki: Nairobi X, gemu ya Mkenya Andrew Kaggia iliyotoka mwaka 2015, haina kampuni kubwa nyuma yake ya kufidia kila nakala isiyolipiwa. Kwa upande wa kampuni kubwa, Konami, iliyokuwa ikiuza Pro Evolution Soccer kwa CD, tangu mwaka 2021 inaitoa bure kwa jina la eFootball na kuuza wachezaji ndani yake. Kijana wa Tandika anaipakua, anaisifia kijiweni, anawaleta wenzake, na kwa kuwa wengi wao hawana kadi ya benki, wanacheza na kikosi cha bure.