Kitabu cha Hesabu Kinalala Wapi?

Anayepita Maposeni msimu wa mavuno, jirani na Peramiho, hakosi kukutana na mahindi: yameanikwa kwenye maturubai, yamejazwa viroba, yamefungwa nyuma ya bodaboda. Mgeni angedhani Ungoni imeishi kwa kuuza mahindi tangu enzi za mababu. La hasha. Mahindi ya kuuza nje ya mkoa wa Ruvuma hayana umri mkubwa huku. Kabla yake ilikuwa tumbaku, na kabla ya tumbaku kitu kikubwa ambacho Songea iliweza kuuza mbali kilikuwa nguvu za vijana wake.

Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3. Rupia hizo zilipatikana zaidi kwa mzungu, kwa kumfanyia kazi au kumuuzia anachotaka, na hapo ndipo penye siri ya kodi ile: ilimlazimisha Mngoni aihitaji fedha kabla hajaamua mwenyewe kama anaitaka. Ikaja Vita ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, mashamba na maghala yakachomwa moto ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na bunduki. Walionusurika walibaki na kodi ile ile. Katika miaka iliyofuata, hasa chini ya Waingereza, vijana walishika njia kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kijiji kilibakiwa na wanawake, wazee na majembe.

Ushirika ulikuja kama jibu la kwanza. Sheria ya vyama vya ushirika ilipitishwa 1932, na mwaka 1936 kikaundwa NGOMAT, chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kwa ajili ya kuuza mazao. Hatimaye mtu aliweza kuipata kodi bila kuhama kwao. Lakini zao lililochaguliwa lilikuwa tumbaku ya moshi, na tumbaku ya moshi hula kuni. Mkulima alikatwa ushuru wa chama na gharama za pembejeo, yote yakaandikwa. Miti iliyoingia kwenye mabani ya kukaushia haikuandikwa popote.

Jaribio lililonigusa kuliko yote lilianzia kijijini Litowa, huku huku Songea, mwaka 1960, kwa vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Njaa iliwasumbua mwanzoni wakaondoka, kisha wakarudi tena. Baadaye walipata msaada wa Mwingereza Ralph Ibbott, aliyehamia kijijini na familia yake. Mwaka 1963 kikaundwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kabla ya chama hicho kufa kilikuwa kimekusanya vijiji 17 hivi.

Siri ya vijiji hivyo ilikuwa kwenye hesabu zao kuliko kwenye kulima pamoja, kwani kulima pamoja hata mkoloni aliwahi kulazimisha. Mapato yalijadiliwa mkutanoni, hadharani, na wale wale walioyatolea jasho: kiasi gani kiliwe, kiasi gani kigawanywe, kiasi gani kinunue mashine. Walimiliki kinu cha kusaga nafaka mjini Songea ili faida ya unga nayo irudi kijijini. Shule ya Litowa iliendeshwa na watu wake kwa ajili ya maisha yao wenyewe. Nyerere alilipenda jambo hilo, na alipotoa andiko lake la Ujamaa Vijijini mwezi Septemba 1967, mfano wa Ruvuma ulikuwa tayari unapumua.

Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali zikachukuliwa. Wakubwa wengi hawakupenda wakulima ambao hawakuhitaji ruhusa. Nchi ilikuwa imetaifisha mabenki kwa jina la wakulima, kisha ikashindwa kuvumilia wakulima wenye daftari lao.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika, NGOMAT ikiwamo, navyo vilivunjwa. Na hapa pana kitendawili ambacho wakosoaji wa Ujamaa hukiruka. Katika miaka hiyo hiyo serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima: gunia la Songea lilipata bei sawa na la Morogoro, ingawa lori lilitembea karibu kilomita elfu moja kulifikisha Dar es Salaam. Mbolea ilipewa ruzuku. Ni bei hiyo iliyoigeuza Ruvuma kuwa ghala la taifa. Ilikuwa haki ya kijiografia, kwamba aliyezaliwa mbali asiadhibiwe kwa umbali. Ila gharama ya haki hiyo ilirundikwa kwenye madeni ya Shirika la Usagishaji la Taifa kwa Benki ya Taifa ya Biashara, mpaka isibebeke tena.

Mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliiondoa bei moja, ruzuku ikapukutika, mabenki yakarudi kufuata faida. Umbali ukapata bei yake tena. Aliyezoea kukopeshwa mbolea alibaki na mfanyabiashara mwenye fedha mkononi. Umatengoni jambo hilo lina jina lake, magoma: kahawa inauzwa ingali mtini, kwa bei ya mwenye shida. Siku hizi, mjini na vijijini, mikopo ya riba kali tunaiita kausha damu, na sijui kama yupo mwanauchumi aliyewahi kubuni istilahi sahihi zaidi.

Tiba mpya zipo. Mwaka 2023 hatifungani ya kijani ya CRDB ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 170, nayo ni benki ambayo jina lake la awali lilitaja ushirika na maendeleo vijijini. Mwezi Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nazikubali zote, na kila moja naiuliza swali la Litowa: kitabu cha hesabu kinalala wapi?

Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa jibu linaonekana kwa macho. Kisanduku kina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na mtunza kisanduku si mmoja wao. Fedha huhesabiwa mkekani mbele ya wote. Jumla ikipishana na daftari hata kwa shilingi mia mbili, hakuna anayenyanyuka mpaka zionekane.