Hekalu na Majirani Zake



Wazee wetu wa Gujarat walikuja na desturi ya mahajani, yaani jumuiya ya wafanyabiashara iliyosuluhisha ugomvi wa kibiashara na kukusanya michango ya kutunza mahekalu na mazizi ya wanyama waliozeeka. Hiyo ilikuwa jumuiya ya kiraia kabla jina hilo halijajulikana. Walipofika Afrika Mashariki, pamoja na mahekalu walijenga shule na zahanati.

Hata hivyo, yatupasa kukiri kwamba wakati wa ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, nasi tuliuzoea utengano huo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipoziweka shule za misheni na za jumuiya mikononi mwa Serikali ya Tanzania, wazee wengi walisikitika. Lakini katika madawati yale yale, watoto wa Kihindi na wa Kiafrika waliketi pamoja. Mimi ni mmoja wao, na marafiki niliowapata huko ninao hadi leo.

Basi, katika maadhimisho haya, naomba michango yetu isiishie kwenye marumaru. Sehemu yake iwafikie majirani, wawe wa dini yetu au wasiwe.