Calcutta Bado Imo Ndani ya Simu Yako

Wasee, mwezi uliopita nilifanya ujinga. Nilikuwa natengeneza kiprogramu cha kupanga mikutano. Kufungua orodha ya saa za eneo, India imeandikwa Asia/Calcutta. Nikakasirika. Mji ule ulibadilishwa jina rasmi kuwa Kolkata mwaka 2001, wengine wenu hata hamkuwa mmezaliwa! Nikafuta jina la mkoloni, nikalala kama shujaa.

Asubuhi, mteja wangu wa Mumbai hana mkutano kwenye kalenda. Kivinjari chake kilikuwa kinatuma Asia/Calcutta, na programu yangu haikujua tena hicho ni nini.

Hiyo orodha ilianzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani, Arthur David Olson, na tangu 2011 iko chini ya IANA. Baadaye wakaamua kutumia bara na mji badala ya nchi, kwa sababu nchi hugawanyika na kubadili majina. Sawa, lakini miji je? Saigon, Rangoon, Calcutta, yote yamo. Jina likibadilishwa, la zamani halifutwi. Linawekwa kwenye faili inayoitwa backward, likielekeza kwa jipya, maana tayari limehifadhiwa kwenye seva na kalenda ambazo hakuna anayejua ziko wapi zote. (Watu wa Dar na Kampala, msinichukie: siku hizi majina yenu pia yanaelekeza tu kwa Africa/Nairobi, kwa kuwa saa zetu zimefanana tangu 1970.)

Chrome nayo hufuata mkusanyiko wa CLDR, ambao ulishaamua kitambulisho kikitolewa hakibadilishwi. Mashine inabaki na Calcutta, mtu anaonyeshwa Kolkata. Hapo nimewaelewa.

Nisichokubali ni kigezo cha kubadilisha: wanangoja jina jipya lizoeleke kwa Kiingereza. Waukraine waliomba Kyiv kwa miaka, wakaipata Agosti 2022, vita ikiwa na miezi sita. Yaani jina la kwenu lisubiri mazoea ya watu wengine? Zii.

Lakini Calcutta nimeirudisha kwenye kodi, na kwenye skrini nimeandika Kolkata. Mteja ameniuliza mara mbili mkutano wake ulipotelea wapi. Bado sijapata ujasiri wa kumwambia nilikuwa namtetea.